Mkunga wa Mlangoni

Kama uliwahi kuingia kwenye ukumbi wetu wa sinema pale Njombe enzi za Mwingereza, basi ulipita kwanza chini ya macho yake. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, kanga juu ya blanketi, na hakuna mtu aliyemfanya ainuke. Tulimwita Mkunga kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake; jina lake la ubatizo alilijua mchungaji. Mimi nilikuwa mwendesha mashine. Kwa miaka mingi tulifanya kazi chini ya bati moja, yeye mlangoni na mimi nyuma kwenye kibanda changu, na mpaka leo nikisikia watu wakijisifu kwamba wamefanya kazi na wakubwa, mimi huwaambia nilifanya kazi na yule mama.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la pareto ambalo tajiri mmoja wa dukani alilifagia akalitia mabenchi. Tulionyesha picha mchana, siku za gulio, maana Njombe jua likizama baridi hiyo si ya kuchezea, na watu walikuwa na safari ya kurudi makwao kwa miguu. Sasa mchana na sinema wapi na wapi? Giza tulilitengeneza kwa mablanketi. Kila aliyekuja alivua blanketi lake, likatundikwa dirishani, halafu akakaa ndani akitetemeka mpaka picha iishe. Mkunga peke yake hakutoa la kwake. Alisema baridi huingilia mlangoni, na mlangoni ndipo alipo yeye.

Usifikiri aliombwa kukaa pale kwa sababu ya ukali wake, ingawa ukali alikuwa nao. Aliitwa baada ya tajiri wetu kufanya kosa ambalo lisingeweza kufanyika mahali pengine ila kwetu.

Kila filamu ilikuja na kibandiko kwenye kifuniko cha mkebe wake, kinachosema nani aione na nani asiione. Siku moja ikaja yenye kibandiko cha kuzuia walio chini ya miaka kumi na sita. Haya, nani Njombe alikuwa na karatasi ya kuzaliwa? Tajiri hakuwa Mkristo, lakini alikuwa amesikia kwamba Wakristo mtu akishakua hupewa kipaimara. Akatangaza gulioni: mwenye cheti cha kipaimara aingie, asiye nacho abaki nje. Aliona amemaliza kazi.

Asichojua ni kwamba sisi Wakatoliki tulipewa kipaimara tungali wadogo, wengine meno ya mbele hayajarudi vizuri, na Walutheri walingoja mpaka sauti ya mtoto inakuwa nzito. Basi siku hiyo watoto wa Uwemba, kwetu kulekule, waliingia wamejipanga, vyeti mkononi, wakajaza mabenchi ya mbele. Vijana wa Kilutheri wenye ndevu za kuanza, wanaolima na kuchunga, wakabaki nje wanawachungulia. Mawe yaliyorushwa juu ya bati siku ile nayasikia bado. Padri akalalamika kwamba watoto wake wameona watu wakibusiana, mchungaji akalalamika kwamba vijana wake wamedharauliwa, na tajiri akaja kwangu ameshika kichwa.

"Nani mji huu anajua umri wa watu?" akaniuliza.

Nikamwambia aende kwa mkunga wa Walutheri, aliyepokea nusu ya Njombe.

Akaja, akakaa, na tangu siku hiyo cheti hakikuulizwa tena. Alimtazama mtu usoni, akauliza jina la mama, basi. "Wewe mwaka wa nzige. Mama yako alikula nzige mimba nzima, ndiyo maana huachi kurukaruka. Ingia." "Wewe ulizaliwa baba yako yuko Burma vitani. Bado. Kaa nje." "Wewe ndiye ulitangulia, pacha wako alikuja jua linachwea. Ingieni wote, msigombane." Hakuwa na kitabu. Watu wa Mjimwema walikuja na wa ng'ambo ya mto walikuja, na wote alikuwa nao kichwani. Alipokosea, maana alikosea, hakukubali. Niliwahi kumwona akimzuia baba wa watoto wawili kwa kumchanganya na mdogo wake. Yule bwana alienda kumleta mkewe na watoto kama ushahidi, na Mkunga akasema tu, "Haya, umekua haraka," akampisha.

Mimi hakunipokea, kwa hiyo alinitania hadi basi. "Nyie wa Uwemba mlizaliwa bila shahidi," alizoea kusema. "Hata wewe sijui kama unaruhusiwa kutazama hizo picha unazozionyesha."

"Mama, nisipotazama mimi nani ataonyesha?"

"Ndiyo hasara ya Kanisa lako, mnaharakisha kila kitu."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na mimi nilimpenda kwa hayo. Alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, lakini pombe ya ulanzi ilipoanza kugemwa kwenye mianzi alikunywa akasema ni dawa ya kifua, na kifua chake kiliuma msimu mzima. Alisema sinema ni uongo mtupu, na picha ya mbwa aliyepotea, aliyoisikia tu akiwa mlangoni, ilimliza mpaka ikabidi tumshike. Aliwafukuza watoto mlangoni bila huruma, kisha akawatolea viazi vya kuchoma alivyofunga kwenye kanga. Na wakiwa wameketi nje wanakula, aliwahadithia picha inayoendelea ndani.

Hilo nalo lilikuwa kituko, kwa sababu picha yenyewe alikuwa hajaiona. Alisikia milio ya bunduki, kwato za farasi, vicheko vyetu, na kutokana na hayo akatunga ya kwake. Katika picha za Mkunga hakuna aliyekufa bila sababu, na wanaogombana huamuliwa na shangazi. Watoto wale walipokua wakaruhusiwa kuingia, walitoka wamenuna. Kijana mmoja alinifuata mpaka kibandani akaniambia nimekata mwisho, kwa sababu Mama Mkunga alisema farasi alipona.

Lakini kukata kulikuwepo kweli, na hapa ndipo nilipojifunza jiografia. Mikebe yetu niliifuata Makambako, pale njia panda, ambako mabasi ya kutoka Iringa na ya kutoka Mbeya yalishusha mizigo. Mkebe mmoja ungeukuta na vibandiko vimepandana kama viraka. Uingereza: mtoto aone akiwa na mzazi. Nairobi: wasione walio chini ya miaka kumi na sita. Rodesia: wameondoa bunduki zote, mtu anaanguka tu hujui kapigwa na nini. Na hapa Tanganyika, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: si kwa Waafrika. Picha ileile. Wanaume wetu waliorudi kutoka migodini kule kusini walibishana ukumbini na waliorudi kutoka mikonge ya Tanga, huyu anasema katika picha hii mwizi ananyongwa, yule anaapa mwizi anatoroka, na wote wawili walikuwa wasema kweli.

Nilimsomea Mkunga vibandiko vile siku moja. Akavisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza akivuka bahari anapungua miaka?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na mimi nikienda Uingereza nitakuwa mtu mzima. Hapa bado." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mwanangu, mimi nimekata vitovu vya watu wanaozeeka sasa. Hao walioandika, nani aliwakata vya kwao?"

Alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Kazini kwake alijulikana kwa kutokuwa na papara. Wanawake walisema Mkunga anaweza kukaa na mzazi tangu umande mpaka jua la utosi, hasukumi, havuti, anaimba taratibu. Ukadhani mtu kama huyo atapenda methali za kusubiri. Kumbe ole wako umwambie "subira yavuta heri." Nilimwambia hivyo siku basi la mikebe lilipochelewa, maneno tu ya kupitisha muda. Alisimama akachukua kigoda chake, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alirudi kana kwamba hakuna kitu, nami sikuuliza.

Nilikuja kujua kwa sababu ya filamu moja.

Daktari wa misheni, Mzungu mpole aliyesema Kibena cha kuchekesha, aliagiza kutoka kwao filamu ya mafunzo ya uzazi. Haikuwa hadithi. Ilionyesha mama akijifungua mtoto anayetanguliza makalio badala ya kichwa, na namna daktari anavyofanya. Mkunga alipoisikia habari hiyo alibadilika. Kila siku ya gulio aliniuliza, "Imefika?" Hakuuliza kingine. Nilipomtania kwamba yeye wa kufundishwa uzazi ni nani, hakunijibu kwa utani. Alisema, "Nataka kuiona mikono yake. Anaiweka wapi."

Ikafika Makambako. Nikageuza kifuniko pale pale stendi, roho ikaniuma. Kwao daktari, kibandiko kiliruhusu wanafunzi wa shule wa miaka kumi na mitano. Uingereza, watu wazima. Nairobi, wanawake tu. Na cha juu kabisa, kipya, gundi haijakauka vizuri, kilisema si kwa Waafrika.

Daktari aligombana na wakubwa kwa maneno na kwa simu, haikusaidia. Akaruhusiwa kuionyesha mara moja tu, mchana, kwenye klabu ya Wazungu wa mashamba ya miti ya miwati, kwa Wazungu wazima. Mimi niliitwa niendeshe mashine, kwani mashine haina kibandiko. Na Mkunga, sikiliza hili, Mkunga aliitwa akae mlangoni. Watoto wa mashambani walikuwa na tabia ya kupenya, na kadhaa wao alikuwa amewapokea yeye, mama zao wakishindwa kufika hospitali kwa matope ya masika.

Nilidhani atakataa. Alikuja na kigoda chake, kanga iliyopigwa pasi.

Bwana Shauri kijana, ofisa wa Kizungu wa wilaya aliyesimamia siku hiyo, uso umemwiva, alimwambia, "Mama, sheria hii si yangu."

"Sijauliza ni ya nani," akasema Mkunga. "Nionyeshe mlango."

Akakaa akiwa ameupa ukumbi mgongo. Watu walipokwisha kuingia nilitoka kibandani nikamfuata, nikainama. "Mama, kuna kidirisha pale kwangu. Njoo usimame nyuma ya mashine, hakuna atakayejua."

Nami nilijua jinsi alivyoitaka picha ile.

"Mimi nitajua," akasema. "Kazi yangu siwezi kuichungulia kama mwizi. Nenda kwenye mashine yako."

Nikarudi. Kabla sijawasha nikamsikia huko nje akizungumza na mvulana wa Kizungu, mtoto wa shamba la jirani, aliyesema Kiswahili kama sisi.

"Lakini mimi Mzungu, mama, imeandikwa Wazungu."

"Imeandikwa Wazungu wazima. Mimi ndiye niliyekukata kitovu, na mvua ilikuwa inaingia ndani. Una miaka kumi na mitatu. Nenda nyumbani, msalimie mama."

Kijana akaenda. Ndani yangu nilisimama wima kwa ajili yake. Ulikuwa mlango wa watu waliomwita mtoto, na mtu mzima pekee pale mlangoni alikuwa yeye.

Picha ilipoisha alinisubiri barabarani. Tukatembea kidogo, kisha akauliza, "Mikono aliiweka wapi?"

Kwetu mwanamume hatazami mama anapojifungua, hata mume hatazami. Mwanamume hukaa mbali na nyumba mpaka aitwe. Nilikuwa nimewasha mashine nikainamisha kichwa mpaka mwisho, nikaendesha kwa masikio. Ndivyo nilivyolelewa na ningefanya hivyo tena.

"Mama, sikutazama."

"Ulivyofanya ni sawa," akasema. Tukatembea tena. Kisha akanieleza, bila kunitazama, na ndipo nilipoijua habari ya methali. Mdogo wake wa kike aliyeolewa Iwawa, kule juu Makete, alikuja kujifungulia kwake. Mtoto akatanguliza makalio. Mkunga akafanya alivyofundishwa na bibi yake: usivute, acha mwili wake mwenyewe umshushe. Akakaa, mikono mapajani, akaimba. Mtoto alitoka amekufa. Watu waliokuwepo, katika kumfariji mama wa mtoto, walikuwa wakisema subira yavuta heri. Mdogo wake alipopata nguvu alimwambia neno moja: "Ulikaa tu ukinitazama." Akapanda kurudi Iwawa na hakuteremka tena.

"Wengine wote waliokuja hivyo niliwapokea vilevile, wakaishi," akasema. "Lakini yule sijui. Sijui kama ni Mungu au ni mikono yangu. Daktari wa kwenye filamu anajua."

Nilimbebea kigoda mpaka kwake.

Miaka ikapita. Tajiri aliuza ghala, mimi nikahamia Makambako nikaendesha mashine kwenye ukumbi wa pale, ghala la zamani la mahindi lenye madirisha ya mbao, watu wakabaki na mablanketi yao. Siasa ilikuwa imeingia, watu walisema Mwingereza anafunga mizigo, na vibandiko navyo vikaanza kubadilika kimoja kimoja. Siku moja nikashushiwa mkebe ninaoufahamu, ule wa filamu ya uzazi, umebonyea palepale. Juu ya vibandiko vyote palikuwa na kipya: watu wazima. Basi. Watu wazima wa aina gani, hakikusema.

Nikampelekea salamu Njombe kwa dereva wa lori. Daktari naye akapanga ionyeshwe kwa wakunga na akina mama, mwanamume asiwepo ila yeye na mimi.

Alifika kwa basi la asubuhi. Alikuwa amezeeka, amekuwa mwembamba, lakini kigoda alikuwa nacho. Nyuma yake aliteremka mwanamke mwingine mzee, blanketi zito la watu wa baridi ya Makete, uso wa Mkunga uleule ila umefungwa. Hakunitazama.

"Kamwene, mama," nikamwamkia Mkunga.

"Kamwene, mwanangu. Huyu ni mdogo wangu wa Iwawa."

Nikamvuta pembeni. Nilimwogopea, nasema kweli. "Mama, unajua picha itaonyesha nini?"

"Sijui."

"Na kama daktari yule alivuta? Kama hakukaa?"

"Ndiyo maana nimemleta," akasema. "Nilimfuata mwenyewe mpaka kule juu. Kama nilikosea, aone na yeye, asibaki akidhani tu. Kudhani kumetumaliza wote wawili."

Mlangoni palikuwa na nesi kijana ambaye hakumjua, akamuuliza kwa adabu umri wake. Mkunga, aliyekuwa na umri wa wilaya nzima kichwani, akaweka kigoda chini. "Waliokuwa wanaujua wangu wamekufa," akasema. "Lakini andika mtu mzima." Akaingia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikaa benchi la mbele, mdogo wake pembeni, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Nikawasha, nikainamisha kichwa kama desturi. Nikasikia mama wa kwenye picha akipumua kwa nguvu. Nikasikia benchi likilia. Kisha ukumbi mzima ukanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia sauti ya Mkunga, hakuinyanyua, alikuwa akimwambia mdogo wake kama vile anamsimulia kipofu.

"Ni makalio. Umeona. Na yeye hashiki." Kimya. "Ameweka mikono nyuma. Anangoja." Kimya kirefu zaidi. "Bado anangoja."

Daktari wa misheni akasema kutoka pembeni, polepole, kwamba hapo ndipo madaktari vijana hukosea, kwa kuvuta. Anayejua huacha mikono mbali mpaka mwili umetoka wenyewe, na hata hivyo si wote wanaopona. Mtoto wa kwenye filamu akalia. Wanawake wakapiga vigelegele ndani ya ukumbi wangu wa mahindi, na mimi bado natazama viatu vyangu, machozi yanadondoka juu yake. Methali ile ilinijia mdomoni, nikaimeza.

Mkanda ukaisha, kitambaa kikabaki cheupe. Hakuna aliyeinuka.

"Mwanangu," akaita Mkunga, bila kugeuka. "Irudishe mwanzo. Mdogo wangu anataka kuiona tena."

Nikaurudisha mkanda, nikawasha. Safari hii niliinua kichwa, lakini kwenye kitambaa sikutazama. Nilitazama benchi la mbele. Alikuwa ameketi wima, mikono yake mapajani, na juu ya mikono hiyo palikuwa na mkono wa mdogo wake.